Boksi la komiki za zamani Moshi: nitajuaje zipi zina thamani?

Rau_Msitu (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaozijua komiki za zamani za mashujaa. Kuna boksi lenye komiki kama arobaini, limekaa miaka mingi darini, chini ya bati, hapa Moshi. Mtu ametoa ofa ya shilingi laki mbili kwa boksi zima na anataka jibu wiki hii. Sitaki litoke kabla halijajulikana lina nini.

Nilizokwisha kuorodhesha: Fantastic Four namba 52, bei senti 12, ina muhuri wa wino wa bei ya peni juu ya jalada, na jalada limeachia pini moja. Amazing Spider-Man namba 1, jalada halina bei kabisa. Action Comics namba 1, imeandikwa Juni 1938, senti 10, nayo ni kubwa kuliko zote. Komiki saba za kampuni ya Marvel, za 1974 na 1975, mbili kati yake zimekatwa kipande kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. X-Men namba 1 ya 1991, nakala tatu. Phantom nane zilizochapwa India. Zilizobaki ni Marvel za miaka ya sitini zenye bei ya 9d (peni tisa za Uingereza) badala ya senti.

Maswali: ile ya 1938 ni ya kweli? Bei ya peni maana yake ni nakala za baadaye? Kuna wadudu wadogo wa rangi ya fedha humo ndani, niwafanyeje? Na zilizojikunja naweza kuzipiga pasi?

Karatasi_Kuukuu (Arusha)

Mkuu, kwanza usipige pasi chochote, pili usiuze wiki hii. Anayetaka boksi zima kwa haraka bila kuchambua mara nyingi ameshaona kitu kimoja ndani yake, na kwenye orodha yako kipo cha namna hiyo. Nitakifikia.

Nianze na zile mbili zinazong'aa, maana ndizo zinazopoteza watu. Action Comics namba 1 ya kweli ndiyo ya kwanza ya Superman. Inakadiriwa zimebaki nakala kama 100 tu duniani, na moja ya daraja la 8.5 (kipimo cha hali ya nakala, juu kabisa ni 10) iliuzwa dola milioni 6 Aprili 2024 kwenye mnada wa Heritage, Marekani. Hapa huhitaji kukisia, chukua rula. Komiki ya 1938 ina upana wa karibu sentimita 19.5 na urefu wa karibu 26.5. Mwaka 1974 wachapishaji wake, DC, walitoa toleo la kumbukumbu liitwalo Famous First Edition, karibu sentimita 25 kwa 34. Ndani ya jalada lake la nje walichapa upya komiki nzima, pamoja na jalada la zamani lenye senti 10 na tarehe ya Juni 1938. Jalada la nje likitolewa, kinachobaki kinajieleza kuwa cha 1938 kila mahali, isipokuwa kwenye ukubwa wake. Watu wameuziana nakala hizo kwa miaka hamsini sasa. Kama yako ni kubwa kuliko zote boksini, karibu hakika ndiyo hiyo. Angalia na mgongo: jalada la nje lilipong'olewa huacha alama kwenye pini.

Spider-Man namba 1 isiyo na bei ni ya 1966. Kampuni ya Golden Record ilichapa upya komiki chache za Marvel na kuziuza pamoja na santuri inayosimulia hadithi. Alama yake ni hiyo uliyoiona: jalada lilelile, bei haipo. Ya asili ina tarehe ya Machi 1963 na bei ya senti 12, au 9d kwa zile za Uingereza. Usiitupe hata hivyo. Ina wanunuzi wake, hasa ikiwa na santuri na bahasha yake. Ila usije ukaitangaza kama ya 1963, utaharibu jina lako siku moja.

X-Men ya 1991 iachie watoto waisome. Ziliagizwa nakala zaidi ya milioni 8 na wengi waliziweka kabatini zikiwa mpya, wakiamini zitawasomesha watoto wao. Umri bila uhaba haufanyi kitu.

Kwa nyingine zote, mwaka usiutafute kwenye jalada bali kwenye maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada. Hapo pana jina rasmi, namba, mwezi, mwaka na mchapishaji. Jina rasmi wakati mwingine halifanani na lile la mbele, na ukitafuta kwenye hazina ya Grand Comics Database (bure, comics.org) tumia lile la maandishi madogo. Linganisha picha ya jalada, bei na idadi ya kurasa. Alama mbili husaidia kukataa uongo haraka: muhuri wa Comics Code (kanuni za maadili za komiki za Marekani) ulianza kuonekana kwenye majalada mwaka 1955, na milia ya kusomwa na mashine mwaka 1976. Kitabu kinachodai ni cha 1963 kikiwa na milia hiyo ni chapa ya baadaye, hakuna mjadala.

Sasa za 9d. Si nakala za baadaye. Marvel walizichapa Marekani, kwenye mtambo uleule na kwa wakati uleule na zile za senti. Mtambo ulisimamishwa, bamba la wino mweusi likabadilishwa ili bei isomeke kwa peni, kazi ikaendelea kwa ajili ya soko la Uingereza. Ndiyo maana mara nyingi jalada lake halina mwezi: safari ya meli ilichukua muda, na mchuuzi hakutaka mteja aone gazeti la zamani. Kwa miaka mingi zilidharauliwa zikauzwa chini ya zile za senti. Bado mara nyingi huuzwa chini, lakini zipo chache zaidi na wapo wanaozitafuta hizo tu. Ukikuta "p" badala ya "d", ujue ni baada ya Februari 1971, Uingereza ilipobadili mfumo wa fedha.

Ile yenye senti 12 na muhuri wa wino ni kitu kingine: ni nakala ya kawaida ya Marekani iliyosafirishwa, na msambazaji wa Uingereza (mara nyingi Thorpe & Porter wa Leicester) akaigonga muhuri wa bei yake. Muhuri huo ni sehemu ya historia ya nakala na haushushi daraja sana. Usijaribu kuufuta.

Na hiyo ndiyo niliyokuwa naijia. Fantastic Four namba 52, Julai 1966, ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby, ndiyo Black Panther alipotokea kwa mara ya kwanza. Mwafrika mfalme, mwanasayansi, kwenye komiki kubwa ya Marekani mwaka 1966. Ilikuwa na wanunuzi tangu zamani, na filamu ya 2018 iliongeza wengine wengi. Ikiwa kamili, hata ikiwa imechoka, peke yake huuzwa ng'ambo kwa zaidi ya hiyo laki mbili ya boksi zima.

Kwa_Iddi

Naongezea hapo kwenye "ikiwa kamili", kwa sababu ndiko watu wanakoumia.

Hesabu karatasi. Komiki ya Marvel ya miaka ya sitini ina kurasa 32 ukiacha jalada. Hizo ni karatasi 8 zilizokunjwa katikati, kwa hiyo kutoka kwenye pini utapata nusu-karatasi 8 kushoto na 8 kulia. Zikiwa 7 na 7, karatasi moja imechomoka, mara nyingi ile ya katikati kabisa, yaani kurasa 4 hazipo, na mara nyingi hadithi inaruka bila wewe kugundua kwa sababu mbili zake huwa ni matangazo. Tangazo lililokosekana ni ukurasa uliokosekana. Mnunuzi hajali kwamba hadithi iko sawa. Za kabla ya vita vya pili huwa nene zaidi, mara nyingi kurasa 64.

Kwa hesabu hiyo usiifungue komiki bapa kama daftari. Iweke kwenye meza safi, mikono mikavu isiyo na mafuta, fungua kwa pembe ya nyuzi 90 tu na hesabu kwenye kona ya juu. FF 52 (ile Fantastic Four) ambayo jalada limeachia pini moja, ukiifungua mpaka mwisho itaachia na ya pili.

Zile mbili zilizokatwa: kuanzia mapema 1974 Marvel walichapa stempu ndogo kwenye ukurasa wa barua, wasomaji wakazikata na kuzibandika kwenye kijitabu. Upande wa pili wa stempu pia una maandishi, kwa hiyo mkasi umekula pande zote. Nakala hiyo haihesabiwi kuwa kamili. Mfano unaotajwa kila siku ni Incredible Hulk namba 181, Novemba 1974, ambamo Wolverine anatokea kikamilifu kwa mara ya kwanza: iliyokosa stempu hupoteza sehemu kubwa ya bei hata kama jalada linang'aa kama jana. Wapo wanaobandika stempu iliyotolewa kwenye komiki nyingine. Kagua zile tano zilizosalia kwa kupapasa ukingo wa stempu.

Kisha tafuta ukarabati. Nunua tochi ndogo ya kukagulia noti bandia, zipo kwenye maduka ya simu. Zima taa, pitisha mwanga juu ya jalada. Rangi iliyoongezwa kwa maka peni, gundi na karatasi ya kuzibia huonekana tofauti na eneo linalozunguka, ama zinang'aa ama zinakuwa nyeusi. Baada ya hapo geuza jalada utazame upande wa ndani kando ya mgongo: wino wa maka peni hupenya, wino wa kiwandani haupenyi namna ile. Jalada lenye ukingo mnyoofu kupita kiasi na jembamba kuliko kurasa zake huenda limekatwa ili kuondoa meno yaliyochakaa. Kukata hakurudishiki.

Msomaji_Themi (Arusha)

Mimi nijibu wadudu na uhifadhi. Huko juu wenzangu wamemaliza.

Kwanza zitoe darini leo. Karatasi ya komiki ni ya bei rahisi, imetengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani yake mna lignini inayozalisha asidi. Joto, mwanga na unyevu huharakisha: kwanza njano, halafu kahawia, mwisho inavunjika kama chapati kavu. Chini ya bati la Moshi mchana hakuna kitu kibaya zaidi. Arusha iko juu zaidi, karibu mita 1,400, joto si tatizo kubwa, lakini ukuta wa nje mwezi wa saba huwa na baridi na unyevu hujikusanya nyuma ya kabati. Kwa hiyo Moshi kimbia dari, Arusha kimbia ukuta. Pote kimbia sakafu, kwa sababu ya mchwa na mafuriko ya bomba. Chumba cha ndani, kabati lenye miguu, sentimita kumi kutoka ukutani.

Wadudu wa rangi ya fedha wanakula wanga na gundi, na hufuata unyevu. Usipulize dawa ya mende, mafuta yake hutia madoa. Usiweke nafthalini, harufu haitoki tena na mvuke wake huharibu baadhi ya plastiki. Njia salama ni friza:

Panga komiki tano tano katikati ya vipande vya kadibodi safi, tia kwenye mfuko wa plastiki wa kufungika, kamua hewa, funga, halafu tia kwenye mfuko wa pili. Mfuko ndio unaozuia unyevu wa friza usiguse karatasi, kwa hiyo usiruke hatua hii. Acha kwenye nyuzi -18 au chini yake kwa wiki mbili. Umeme ukikatika hadi barafu ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka zipite saa 24, vinginevyo matone ya maji yatajikusanya juu ya jalada kama kwenye chupa ya soda. Halafu zipanguse kwa brashi laini ya rangi, kutoka kwenye mgongo kuelekea nje. Kama kuna ukungu wenye unyoya, friza haiui. Hizo zitenge, zikaushe kivulini kwa feni, vaa barakoa, na uzipige brashi nje ya nyumba. Juani usianike hata dakika kumi.

Mifuko rasmi ya komiki ni vigumu kuipata madukani hapa, lakini maduka ya vifaa vya ofisi yana mifuko ya A4 ya kuwekea karatasi kwenye faili. Komiki ya miaka ya sitini ina karibu sentimita 18 kwa 26, inaingia vizuri na nafasi inabaki. Shida ni kujua plastiki. Unayoitaka ni polipropilini. Usiyoitaka ni PVC, ile laini yenye harufu ya gari jipya, ambayo baada ya muda hutoa asidi na kunata kwenye wino. Kata kipande kidogo, kizamishe kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, kisukume chini kwa kijiko. Kikipanda juu ni polipropilini au polithini, tumia. Kikibaki chini, acha dukani. (Poliesta nayo huzama, na ndiyo bora kuliko zote, lakini hiyo ni ngumu na angavu kama kioo na utakuwa umeiagiza kwa jina, hutaipata kwa bahati.) Mifuko ya polipropilini ibadilishwe kila baada ya miaka mitano hivi, au mapema zaidi ikianza kuwa ya njano au kujikunja.

Nyuma ya komiki weka ubao wa kuipa ugumu. Manila na kadibodi ya boksi zina asidi, zitaacha kivuli cha kahawia kwenye jalada la nyuma. Usipopata ubao usio na asidi, chukua karatasi nyeupe za ofisi ambazo pakiti yake imeandikwa kuwa hazina asidi, weka tatu kati ya manila na komiki. Ni suluhisho la muda, ila linafanya kazi. Komiki moja kwa kila mfuko. Zisimamishe wima zikiwa zimebanana kiasi, zisiegemee upande, zikiegemea mgongo hupinda.

Nunua kipimo cha unyevu cha bei ndogo. Lenga asilimia 45 hadi 55. Ikipita 65 kwa siku nyingi, ukungu unaanza, na masika ya Moshi, Machi hadi Mei, itapita. Ndiyo miezi ya kutumia vifuko vya silika ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko. Silika ikishiba haifanyi kitu tena, kwa hiyo ikaushe kwenye oveni au ibadilishe kila wiki chache. Boksi lililofungwa bila silika likiwa na komiki zenye unyevu ni jiko la kupikia ukungu.

Kuhusu pasi: kunyoosha komiki ni kazi inayofanywa kwa mashine maalumu, unyevu unaopimwa, karatasi za kuzuia kati ya jalada na kurasa, na masaa ya kupoa chini ya uzito. Pasi ya nyumbani hukausha karatasi, huacha mng'ao kwenye wino na pini huchapa alama kwenye ukurasa wa pili. Zilizojikunja ziweke kwenye mfuko na ubao, ulaze kitabu kizito juu, mwezi mmoja. Inatosha.

Rau_Msitu (Moshi)

Asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Nimepima: Action ni sentimita 25 kwa 34, basi ni ya 1974. FF 52 ina nusu-karatasi 8 na 8, hakuna rangi iliyoongezwa kwa tochi, pini moja ina kutu kidogo, kurasa ni za rangi ya krimu. Nimeshamwambia yule wa laki mbili asubiri.

Sasa nitajuaje bei yake halisi? Mtandaoni naona moja inaombwa dola elfu tatu na nyingine mia moja, zote FF 52. Na kuipeleka CGC, wale wapima komiki wa Marekani, kunalipa?

Karatasi_Kuukuu (Arusha)

Bei inayoombwa si bei. Mtu anaweza kuomba dola elfu tatu mpaka kaburini. Tafuta zilizouzwa: eBay kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, na Heritage wanaweka kumbukumbu za minada yao, unajisajili bure. Chukua mauzo matano au zaidi ya miezi kumi na miwili iliyopita, ya daraja lilelile, ondoa la juu kabisa na la chini kabisa, tazama yaliyobaki. Kumbuka matokeo ya Heritage yanajumuisha kamisheni ya mnunuzi, kwa hiyo muuzaji hakupata namba ile unayoiona.

Lakini kabla ya bei uwe na daraja, na hapa kila mwenye komiki hujipendelea. Kipimo ni 0.5 hadi 10. Ukiambiwa 9.4, hiyo ni komiki ambayo ukiishika unaogopa kupumua: mgongo bapa, kona kali, labda kijialama kimoja. 8.0 ina mikunjo midogo michache ya mgongo na bado inavutia kwa mbali na kwa karibu. 6.0 imesomwa na mtu mwangalifu. 4.0 imesomwa na wengi: mkunjo unaovunja rangi, kona butu, jalada limelegea. 2.0 imechoka lakini hadithi yote ipo. 0.5 ina kitu kinachokosekana. Jalada lililoachia pini moja hutua mara nyingi kwenye 4.0 au chini yake. Kutu kidogo na kurasa za krimu haziongezi. Mimi hiyo yako, kwa maelezo tu, ningeilinganisha na mauzo ya 3.0 na 3.5, na kama picha itaonyesha vizuri zaidi, heri ushangae kwa furaha.

Kwa nini daraja linatesa namna hii? Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, Spider-Man wa kwanza kabisa: nakala ya 9.6 iliuzwa dola milioni 3.6 Septemba 2021, wakati nakala chakavu za komiki hiyohiyo huuzwa kwa maelfu. Hadithi ni ileile, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba mwaka 1962 karibu kila mtoto aliikunja akaitia mfuko wa nyuma.

CGC, iliyoanza mwaka 2000 na ambayo makao yake yako Florida, hupokea komiki, huhesabu kurasa, hutafuta ukarabati, hutoa daraja na kuifungia kwenye kasha la plastiki lenye lebo. Rangi ya lebo isome kabla ya namba: bluu ni ya kawaida, njano ina saini iliyoshuhudiwa, kijani ina kasoro iliyotajwa kama stempu iliyokatwa, zambarau imekarabatiwa. Lebo ya zambarau yenye 8.0 haina bei ya bluu yenye 8.0, wala haikaribii.

Kulipa au kutolipa: jumlisha ada ya upimaji, kusafirisha kwenda na kurudi, bima, na ada ya jukwaa la kuuzia, ambayo kwa kawaida hupita asilimia 10. Kama jumla hiyo inazidi robo ya bei unayotarajia, iuze bila kasha kwa picha nzuri. Kwa FF 52 ya 3.0 au 3.5 kutoka Moshi, iko ukingoni. Peke yake sitaituma. Ukipata nyingine mbili tatu za hadhi yake kwenye hizo za 9d, zitume pamoja, gharama ya usafiri inagawanyika. Kwa hiyo kazi yako ya wiki hii ni kutafuta, kwenye hizo za 9d, namba za mwanzo na zile ambamo shujaa anatokea kwa mara ya kwanza: X-Men namba 1 na Avengers namba 1, zote Septemba 1963, Fantastic Four zozote za chini ya namba 20, Amazing Spider-Man zozote za chini ya namba 20. Leta orodha tuione.

Denkali64

Kuna Phantom nane zimepitwa hapo juu bila neno, naomba nizitetee.

Kama ni Indrajal Comics, zilichapwa Bombay na kampuni ya Times of India kuanzia Machi 1964 hadi 1990. Phantom mwenyewe ni wa Lee Falk, alianza magazetini Marekani Februari 1936. Kwenye Indrajal utaona nchi yake inaitwa Denkali, kwa sababu jina la asili lilifanana mno na Bengali. Hiyo ni alama nzuri ya kuzitambua hata jalada likiwa halipo. Namba iko mbele. Zilizo chini ya 50 ndizo za kuangalia kwanza, na namba 1 hadi 10 zishike kama yai. Lugha nayo iandike, maana zilitoka kwa Kiingereza, Kihindi na lugha nyingine za India, na mnunuzi wa moja si mnunuzi wa nyingine.

Soko lake liko India na kwa Wahindi wa ng'ambo, kwa rupia, kwenye vikundi vya wakusanyaji, si Heritage. Karatasi yake ilikuwa duni kuliko ya Marvel na zilisomwa mpaka zikaisha, kwa hiyo nakala safi ni adimu kwelikweli. Kagua kurasa za katikati, ndizo hupotea.

Na mkikuta kwenye vitabu vya mitumba, iwe soko la Memorial au la Kilombero, komiki iitwayo Powerman ya 1975, msiiache. Ilitengenezwa kwa ajili ya Nigeria, shujaa Mwafrika, na wachoraji wake walikuwa Dave Gibbons na Brian Bolland wakiwa bado hawajulikani. Baadaye wote wawili wakawa majina makubwa. Zilienda kwa wasomaji wa Kiafrika, zikasomwa zikaisha, kwa hiyo zinazosalia zina nafasi kubwa ya kukutwa huku kwetu kuliko London.

Kwa_Iddi

Rau_Msitu, ukiwa tayari kuleta picha: mchana, kivulini karibu na dirisha, bila mwako wa kamera. Komiki itoke kwenye mfuko, plastiki huficha mikunjo na mnunuzi makini atadhani umekusudia. Picha sita kwa kila moja: jalada la mbele lote, la nyuma lote, mgongo kwa karibu mwanga ukitoka pembeni ili mikunjo itoe kivuli, pini zote mbili kutoka katikati, ukurasa wenye maandishi madogo, na kasoro mbaya kuliko zote, hiyo iwe ya kwanza kuitaja kwenye maelezo.

Ukifikia kusafirisha: komiki na ubao ndani ya mfuko, ibane katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu vinavyozidi komiki sentimita 3 kila upande, mifereji ya kadibodi moja iende wima na ya nyingine mlalo ili kifurushi kisipinde. Selotepu ishike kadibodi kwa kadibodi, isiguse mfuko, na ncha yake ikunje kidogo ili mpokeaji afungue bila kisu. Funga kwa plastiki dhidi ya mvua, kisha ndani ya boksi lenye karatasi za kujaza pande zote. EMS au kampuni ya usafirishaji, vyovyote, mradi kuna namba ya kufuatilia na bima ya thamani halisi. Thamani ukiipunguza kwenye fomu ya forodha ili kuokoa ushuru wa mnunuzi, kifurushi kikipotea utalipwa hiyo uliyoandika.

Rau_Msitu (Moshi)

Sawa mkuu. Hizi za 9d ziko 21. Ya kwanza niliyoinua ni Avengers, jalada halina mwezi, kona ya chini imeliwa na mdudu, maandishi madogo yanasema namba 4. Naziingiza zote friza kwanza, picha nitaleta baada ya wiki mbili.

Karatasi_Kuukuu (Arusha)

Avengers namba 4 ni Machi 1964, Captain America anarudi akitolewa kwenye barafu. Hiyo nayo Golden Record waliichapa 1966, lakini yao haina bei. Yako yenye 9d ni ya wakati wake. Kona iliyoliwa usiikate iwe nyoofu, na itie mfuko wake peke yake kabla ya friza.